Madirisha ya Muda: Jinsi ya Kufundisha Majedwali ya Takwimu Zisizokoma

Mada ya kupanga takwimu katika majedwali hufundishwa kwa haraka mno katika shule zetu za msingi. Mwalimu huandika ubaoni alama za mtihani za wanafunzi ishirini, au idadi ya mbuzi wa kaya kumi, huchora jedwali, hutafuta jumla na wastani, kisha hugeukia mada nyingine. Takwimu za namna hiyo zina mwanzo na mwisho unaojulikana, na kwa sababu hiyo kazi ni nyepesi. Lakini mambo mengi ambayo mwanafunzi wa Morogoro huyaona kwa macho yake hayana mwisho: mvua haiachi kunyesha eti kwa sababu daftari limejaa, Mto Ngerengere hausimami ili tuupime, na magari katika barabara ya Dodoma hupita usiku na mchana. Mtu hawezi kutafuta jumla ya kitu kisichokwisha. Hana budi kwanza akikate vipande, na namna ya kukikata ndiyo mada ya makala hii.

Wataalamu wa kompyuta wamelazimika kulikabili swali hilohilo. Lugha ya SQL, inayotumika kuuliza maswali katika hazina za takwimu, iliundwa kwa ajili ya majedwali yaliyokamilika. Ilipotakiwa kuuliza maswali juu ya takwimu zinazomiminika kama mkondo, ilibidi iongezewe kifaa ambacho tutakiita dirisha la muda. Hatukusudii kumfanya mwalimu wa Darasa la Sita awe fundi wa kompyuta. Tunakusudia kuazima fikra yao, kwa kuwa inalainisha somo ambalo sisi katika vyuo tumelifundisha kwa muda mrefu bila ya kulichambua vya kutosha.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili si la mchezo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha katika eneo la Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Zilipimwa takriban milimita 100 katika muda usiotimia saa 3, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakatokea katika miteremko ile. Tukio hilo lilichunguzwa na Paul Temple na Anders Rapp, chini ya utafiti wa mmomonyoko wa udongo ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1972. Waliona kwamba karibu maporomoko yote yalianzia katika mashamba na katika nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno.

Sasa mchukue mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta wastani wa mwezi tu. Atazigawanya milimita 100 kwa siku 28 za Februari, naye atapata chini ya milimita 4 kwa siku, yaani manyunyu ya kumfurahisha mkulima wa maharage. Hesabu yake itakuwa sahihi na ubao wake utapata alama ya vema, ilhali mlima umeporomoka. Kosa halimo katika kugawanya, limo katika upana wa dirisha alilolichungulia. Watoto wa Mgeta, Matombo, Kinole na Bunduki wanaishi juu ya miteremko hiyo hiyo, na wengine watakuja kuwa wenyeviti wa vijiji vyao. Ikiwa shule haitawaonyesha tofauti ya mvua ya mwezi na mvua ya saa 3, hatuoni ni nani mwingine atakayewaonyesha.

Dirisha la muda ni nini basi? Ni kipande cha wakati chenye mwanzo na mwisho, ambacho ndani yake tunakusanya matukio ili tuyahesabu pamoja. Wataalamu hufanya kazi hiyo kwa fanksheni ya jedwali, yaani kanuni inayopokea jedwali zima na kurudisha jedwali jingine. Jedwali linaingia likiwa na safu mbili, tuseme wakati na kiasi cha mvua. Linatoka likiwa na safu nne, kwa sababu kila mstari umeongezewa mwanzo wa dirisha lake na mwisho wa dirisha lake. Hakuna kilichojumlishwa bado. Kila mstari umevishwa tu kitambulisho cha kundi lake.

Mwanachuo asilipite jambo hilo haraka, maana humo ndimo lilimo fundisho kubwa la kimbinu. Hapo awali, katika programu kadhaa za mikondo, dirisha liliandikwa ndani ya amri ileile ya kuweka makundi, hata kukata na kujumlisha vikawa tendo moja. Mwaka 2019 kikundi cha wataalamu, miongoni mwao Edmon Begoli, Tyler Akidau na Julian Hyde, kilipendekeza kwamba dirisha liwe fanksheni ya jedwali inayosimama peke yake, na jina lake liandikwe mahali ambapo kwa kawaida huandikwa jina la jedwali. Mwaka 2021 programu ya Apache Flink ilipokea utaratibu wa namna hiyo katika toleo lake la 1.13. Faida ni kwamba jedwali lililokwisha kutiwa alama laweza kutumika kwa lolote: kujumlisha, kutafuta kikubwa kuliko vyote, au kulinganisha na jedwali la kituo kingine. Katika darasa letu matendo hayo mawili bado yamefungwa pamoja. Tunamwambia mtoto, “Tafuta jumla ya mvua kwa kila wiki,” naye anavurugikiwa, wala hatujui kama amekosea kuweka siku katika wiki yake au amekosea kujumlisha. Mpe kazi hizo kwa zamu. Kwanza atie alama kila mstari, wewe ukague, ndipo ajumlishe.

Zana za somo hili ni za bei ndogo. Chukua kamba ya katani, ambayo mkoa huu haujaikosa tangu zamani, uilaze uwanjani na kuifunga vitambaa kwa nafasi sawa. Kila nafasi kati ya vitambaa viwili ni saa moja. Andaa kadi za boksi kwa ajili ya mistari ya jedwali, na maharage kwa ajili ya milimita. Kisha funga fito nne ziwe fremu yenye upana wa nafasi tatu za kamba. Fremu hiyo ndiyo dirisha lenyewe, na wanafunzi wataisogeza kwa mikono yao.

Tumia jedwali lifuatalo. Takwimu zake tumezitunga kwa ajili ya mazoezi, wala hazikupimwa mahali popote. Kila mstari unaonyesha saa inapoanzia na mvua iliyoanguka ndani ya saa hiyo:

Saa 12 asubuhi: milimita 6
Saa 1 asubuhi: milimita 14
Saa 2 asubuhi: milimita 28
Saa 3 asubuhi: milimita 32
Saa 4 asubuhi: milimita 20
Saa 10 jioni: milimita 5
Saa 11 jioni: milimita 3

Jumla ya yote ni milimita 108. Waambie wanafunzi wailaze fremu kuanzia saa 12 asubuhi, wahesabu maharage yaliyomo, kisha waihamishe hadi pale ilipoishia, bila kuacha mwanya na bila kurudi nyuma. Haya ni madirisha yanayopakana, kama vyumba vya nyumba ndefu ambavyo ukuta wa kimoja ndio ukuta wa kingine. Watapata 48 katika dirisha la kwanza na 52 katika la pili. La saa 6 mchana litakuwa tupu, na la saa 9 alasiri litakuwa na 8. Jumla inarudi 108, na ni vema darasa lithibitishe hivyo kwa sauti. Swali la mpakani litazuka lenyewe: mstari wa saa 3 kamili ni wa dirisha linaloisha au linaloanza? Kanuni ya wataalamu ni kwamba mwanzo umo ndani ya dirisha na mwisho haumo. Usiwape kanuni hiyo mapema. Waache wabishane kwanza, maana mtoto aliyebishana juu ya ukuta hausahau.

Baada ya hapo irudishe fremu saa 12, na safari hii isogezwe nafasi moja tu kila mara. Kuanzia saa 12 tunapata 48. Kuanzia saa 1 tunapata 74. Kuanzia saa 2 tunapata 80. Kuanzia saa 3 tunapata 52. Tazama jambo lililojitokeza. Madirisha yanayopakana yalituambia kwamba mvua kali kuliko zote ya muda wa saa 3 ilikuwa milimita 52, lakini madirisha haya yanayopishana yameifichua 80. Mvua ilikuwa ileile na maharage yaleyale. Ukuta wa saa 3 asubuhi ulikuwa umeikata dhoruba katikati, kila upande ukabaki na nusu isiyotisha. Mwalimu akifika hapa asimame kidogo, awape wanafunzi nafasi ya kusema wanachokiona. Kwa maoni yetu, kipindi kizima kinaweza kuishia hapo bila hasara yoyote.

Kuna hatari moja ya kuonya. Katika madirisha yanayopishana, mstari mmoja huingia katika zaidi ya dirisha moja. Mstari wa saa 3 umo katika dirisha lililoanzia saa 1, na la saa 2, na la saa 3 yenyewe. Fanksheni ya kompyuta huunakili mstari huo mara 3, hata jedwali letu la mistari 7 linatoka na mistari 21. Atakayejumlisha madirisha yote kwa pamoja atapata 324, yaani mara 3 ya mvua iliyonyesha kweli. Wanafunzi wanapaswa kufahamu kwamba madirisha hayo hulinganishwa, hayajumlishwi.

Aina ya tatu haina upana uliopangwa. Mkulima wa Kinole hasemi “mvua ya kuanzia saa 12 mpaka saa 3”. Husema mvua ya jana asubuhi, na ile nyingine ya jioni. Huzitenganisha kwa ule ukimya ulio kati yao. Dirisha la namna hii hufunguka tukio linapoanza na kufungwa baada ya pengo la muda tuliokubaliana. Tukiamua pengo liwe saa 3, jedwali letu lina mvua mbili: ya asubuhi yenye milimita 100 na ya jioni yenye 8. Tukiamua liwe saa 8, zote zinakuwa mvua moja ya 108. Mtoto atauliza pengo sahihi ni lipi, na jibu ni kwamba inategemea swali. Anayechunguza ardhi iliyolowa atapenda pengo refu, kwa kuwa udongo haukauki mara tu mawingu yanapoondoka. Katika mtindo huu dirisha huhesabiwa kuwa limekwisha pengo linapotimia baada ya mstari wa mwisho; mstari wa mwisho wa asubuhi ukiwa wa saa 4, dirisha hufungwa saa 7 mchana. Kabla ya hapo hakuna awezaye kuapa kwamba mvua imekwisha.

Tumegusa upana, hatua na pengo. Limebaki swali ambalo Waswahili tunalo kwa wingi kuliko wengine: siku inaanzia wapi? Kalenda ya ofisini huianza saa 6 usiku. Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, hata saa 1 ikawa ya asubuhi. Kwa Waislamu siku huanza jua linapokuchwa, na ndiyo maana usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Wapimaji wa hali ya hewa nchini husoma kipima mvua saa 3 asubuhi, na siku yao ya mvua hukatika hapo. Nayo kompyuta isipoelekezwa vingine aghalabu hukata siku kwa usiku wa manane wa Greenwich, ambao kwetu ni saa 9 usiku, kwa kuwa Tanzania iko mbele kwa saa 3. Kwa jedwali letu, anayekata saa 6 usiku atasema siku moja ilipata milimita 108. Anayekata saa 3 asubuhi atasema siku ya kwanza ilipata 48 na ya pili 60. Wote wawili ni wakweli. Kwa hiyo fanksheni iliyoundwa vizuri huacha nafasi ya kutaja chimbuko la dirisha, na daftari la shule halina budi kutaja jambo hilohilo katika ukurasa wa kwanza, kwa wino.

Tuje kwenye takwimu zinazochelewa. Tuseme wanafunzi wanne wanaoishi vitongoji mbalimbali wamepewa makopo ya kupimia, na kila mmoja huleta kipimo chake shuleni. Mvua kubwa ikinyesha Jumatatu, mtoto wa ng’ambo ya mto hafiki Jumanne, wala Jumatano. Anafika Alhamisi akiwa na karatasi yake mfukoni. Yako mambo mawili ya kufundisha hapa. La kwanza ni kwamba kila kipimo kina nyakati mbili, wakati wa tukio na wakati wa kufika, na kinachoamua dirisha ni wakati wa tukio. Mtoto anayeandika “Alhamisi” kwa sababu ndiyo siku aliyofika ameihamisha mvua ya Jumatatu. Jambo la pili ni gumu zaidi: tusubiri hadi lini kabla ya kulifunga dirisha la Jumatatu na kubandika jumla ukutani? Katika kompyuta huwekwa alama ya kikomo inayosogea pamoja na wakati na kusema kwamba, kwa kadiri tujuavyo, vipimo vyote vya kabla ya hapa vimekwisha kuwasili. Ikisogezwa haraka, waliochelewa wanaachwa nje. Ikisogezwa polepole, taarifa inafika wakati haina faida tena.

Mwalimu asilitatue jambo hilo kwa amri. Wanafunzi waone wenyewe kwamba aliyechelewa alicheleweshwa na mvua ileile tunayoipima, na kwamba kufunga dirisha mapema ni kuzitupa hasa zile tarakimu kubwa. Sisi tunapendekeza jumla mbili: moja ya muda inayobandikwa siku ya pili yake na kuandikwa kwa penseli, na nyingine ya mwisho wa wiki kwa wino. Baadhi ya programu za mikondo nazo hufanya hivyo. Hutoa jibu la awali, kisha hulisahihisha.

Kwa shule zenye bahati ya kupata vyombo vya kisasa, somo hili litaendelea vizuri. Mradi wa TAHMO, uliobuniwa na Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Oregon, Marekani, umejenga vituo vinavyojipima vyenyewe katika viwanja vya shule katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Kituo kinachopima kila baada ya dakika 5 hutoa mistari 288 kwa siku. Hakuna mwanafunzi atakayeisoma yote, na hapo ndipo dirisha linapokuwa hitaji la kila siku. Lakini tusingojee vyombo hivyo. Kopo lenye kingo zilizonyooka, rula na kijiti kisafi vinatosha kuanzia, mradi kopo limewekwa mbali na mapaa na miti.

Katika kupanga andalio la somo, vipindi vitatu vinatosha: cha kwanza cha fremu na maharage uwanjani; cha pili cha kuandika safu za mwanzo na mwisho wa dirisha katika madaftari, kujumlisha kukiwa mwishoni kabisa; na cha tatu cha kuchelewa na kusubiri, ambacho chafaa kiunganishwe na Jiografia. Darasa kubwa ligawanywe katika vikundi vya wanafunzi sita, kila kikundi na kamba yake. Wanaotaka mfano mwingine wawekwe kando ya barabara wahesabu baiskeli na bodaboda kwa madirisha ya dakika 5, mahali ambapo mwalimu anawaona wote.

Jambo moja hukosewa hata na watu wazima. Fanksheni ya dirisha hutia alama mistari iliyopo tu. Haiumbi mistari isiyokuwapo. Katika jedwali letu dirisha la saa 6 mchana halitaonekana kabisa katika jedwali linalotoka, kwa sababu hakuna mstari ulioingia ndani yake. Je, mvua haikunyesha, au mpimaji alikuwa amekwenda kula? Jedwali halisemi. Kwa hiyo wazoeshwe kuandika 0 siku waliyopima wakakuta kopo kavu, na kistari siku ambayo hakuna aliyepima, hasa katika likizo ya Desemba ambapo mvua za vuli huweza kuwa bado zinanyesha na shule imefungwa. Wakati wa kusahihisha, pitia kwanza vistari na sifuri za kila daftari kabla ya kutazama jumla.